Nyumba iwe tayari, ninyi muwe mmeondoka: jibu kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili anayekwenda ng'ambo kuandaa makao ya watoto

Swali: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili. Kanisa letu lina urafiki na kanisa moja la ng'ambo ambalo limejenga makao ya watoto yatima. Kuta na paa vimekamilika. Tumechaguliwa watu kumi na wawili twende kukaa wiki tatu: tupake rangi, tufunge vitanda, tuandae chumba cha watoto wachanga na bweni la watoto wakubwa. Vitanda vyote ni 40. Siku nne za mwisho watoto wa kwanza wataingia, nasi tumeombwa tuwapokee, tucheze nao na kuwaonyesha upendo wa Kristo. Tujiandae vipi, na tubebe nini?"

Asifiwe sana, dada yangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Nendeni, mkafanye kazi kwa mikono yenu yote, lakini ombeni ratiba ibadilishwe ili mtoto wa kwanza aingie baada ya ninyi kuondoka. Zile siku nne za mwisho zinanitisha kuliko kitu kingine chochote katika barua yako, na najua ndizo mnazozingojea kwa hamu.

Nimefanya kazi ya ustawi wa watoto kwa miaka mingi, mingi kati ya hiyo ndani ya makao ya aina hii, na mimi pia ni mtu wa kanisani. Kwa hiyo usidhani nasema haya kwa kudharau mwito wenu. Nasema kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye bado namwona.

Alikuwa wa kike, wa miaka mitano, katika makao niliyowahi kuhudumu. Kila kundi la wageni lilipoingia, yeye ndiye aliyefika getini kwanza. Hakuuliza mtu jina. Aliinua mikono abebwe, akalaza kichwa begani mwa mtu ambaye hajawahi kumwona, na wageni wakatokwa machozi wakisema mtoto huyu ana upendo wa ajabu. Dada mmoja aliyekuja kwa wiki mbili alimzoea mno. Kila jioni alikuwa akimsuka nywele. Siku ya kuondoka alimwachia kibanio chake cha buluu. Mtoto akawa analala nacho kiganjani. Asubuhi, saa ileile ambayo basi la wageni lilizoea kufika, alikwenda kukaa juu ya jiwe karibu na geti. Siku ya kwanza matroni alipomwita, alirudi analia. Siku ya nne alirudi kimya. Kundi lililofuata lilipofika, alikuwa wa kwanza getini, mikono juu.

Mtoto mwenye mlezi wake anayemjua humwogopa mgeni kwanza. Hujificha nyuma ya gauni, huchungulia, hurudi nyuma, na akishahakikisha mama yupo ndipo husogea. Yule anayemrukia kila aingiaye mlangoni ameshajifunza kwamba watu wazima hawakai, hivyo amchukue yeyote aliyepo leo. Tulikuwa tukiwapongeza wageni kwa kupendwa, kumbe tulikuwa tunatazama jeraha, na kila basi lililoondoka lilikuwa linalichimba zaidi.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliotengwa na mama zao, akaonyesha kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mlezi, na kwamba kuukosa humuumiza. Nusu karne baadaye, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi mjini Bucharest, Romania. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo. Nusu nyingine wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na walezi wao, hasa wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto ambalo, pamoja na mengine, linazitaka nchi zizuie madhara ya mipango ya kujitolea kwenye makao ya yatima.

Sasa tazama jinsi mlivyobarikiwa. Kundi lenu limeitwa wakati nyumba ni tupu. Nyumba tupu haina wa kuumizwa na kwaheri yenu. Mnaweza kupiga nyundo, kuimba, kuondoka, na hakuna atakayekaa juu ya jiwe kuwangojea. Kwa watu wa wiki tatu, sijui kazi iliyo salama na yenye faida kuliko hii. Msiiharibu katika siku nne za mwisho.

Lakini kuandaa makao hakuanzii kwenye rangi. Mwandikieni mchungaji mwenyeji sasa hivi, kabla hata ya kukata tiketi, mumwulize: hawa watoto 40 ni akina nani? Kama jibu ni kwamba bado hawajulikani, watatafutwa nyumba ikikamilika, simamisheni mipango kwanza. Kitanda kisicho na mwenyewe kina tabia ya kutafuta mtoto wa kukilalia. Mama maskini akisikia kuna jengo jipya lenye chakula na shule na wageni wazungumzaji wa lugha ya mbali, atamleta mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, na huo utakuwa uamuzi wa mama anayempenda mtoto wake.

Neno yatima lenyewe linatupoteza. Takwimu za UNICEF za mwaka 2015 zilihesabu yatima wapatao milioni 140 duniani, na kwa hesabu hiyo yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Yaani wengi sana kati ya tunaowaombea kila Jumapili wana mama au baba aliye hai, na hata kati ya waliobaki wengi wana bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa. Nchini Kambodia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulikuta takribani watoto watatu kati ya wanne waliokuwa kwenye makao wana angalau mzazi mmoja hai, katika kipindi ambacho makao hayo yalikuwa yakiongezeka kwa kasi.

Na lipo tukio ambalo kila kundi la kanisa linalokwenda kuandaa makao ya watoto lingepaswa kulijadili kwenye kikao chake cha kwanza. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa liliipiga Haiti. Kabla mwezi haujaisha, Wamarekani kumi, wengi wao waumini wa makanisa ya Kibaptisti, walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 mpakani kwa basi kuwapeleka Jamhuri ya Dominika, ambako makao yao yalikuwa yanaandaliwa. Hawakuwa na hati za kuwaruhusu. Ikabainika kwamba wengi wa watoto hao wana wazazi hai, waliowatoa wakiamini wanakwenda kupata shule na maisha mazuri. Kufikia Machi karibu wote walikuwa wamerudishwa kwa familia zao. Ninaposoma habari zile sijioni niko mbali na wale waliokuwa kwenye basi. Wengi walipanda wakiamini wanaokoa yatima. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, mtoto kwa mtoto: huyu mama yake yuko wapi?

Sisi Wakristo hupenda kuutaja Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa 27. Usome tena taratibu. Yatima na wajane wametajwa pamoja. Mjane ndiye mama wa yatima! Kumtazama mmoja huku ukimwacha mwingine ni kuukata mstari katikati. Halafu fungua Kutoka, sura ya pili. Binti Farao alipomwokota Musa mtoni alimlipa mwanamke amnyonyeshe, na mwanamke yule alikuwa mama mzazi wa mtoto. Fedha ya jumba la kifalme iliingia katika nyumba ya mtoto mwenyewe, naye akakaa mikononi mwa mama yake miaka ile anayomhitaji zaidi. Nimewahi kukaa vikao virefu vya wafadhili ambavyo havikufikia hekima hiyo.

Basi barua yenu kwa mwenyeji iwe na maswali ya wazi. Je, makao yamesajiliwa na mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia watoto, na hati iko wapi? Nani anaamua mtoto aingie: mchungaji peke yake, au afisa ustawi na mahakama? Kuna faili la kila mtoto linaloeleza ndugu zake ni akina nani na kwa nini hawezi kulala kwao? Nani amepewa kazi ya kuwatembelea ndugu hao na kuandaa kurudi kwa mtoto, na mshahara wake unatoka wapi? Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, ya mwaka 2009 inasema bayana kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Inasema pia kwamba ndugu wa damu wasitenganishwe bila sababu nzito, na kwamba kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, malezi yawe ndani ya familia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye chumba chenu cha watoto wachanga, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kifuteni. Najua huenda kuna akina mama kanisani walioshona mapazia ya chumba kile, na ninawaheshimu. Lakini mtoto mchanga hapaswi kulelewa kwa zamu. Mtoto wa miezi sita katika chumba cha vitanda vingi hulia, na mwanzoni huja mtu, kisha anakuja mwingine, kisha hakuna, na siku moja ananyamaza. Wageni wakiingia husema, angalia walivyo watulivu. Ule utulivu uogopeni. Chumba hicho kinaweza kuwa sebule ya wazazi na ndugu wanaokuja kuwatembelea watoto, chenye kiti cha kukaa, meza, na mlango unaofungika ili watu wazungumze kwa faragha. Makao mengi hayana mahali pa namna hiyo. Mama anakutana na mwanawe akiwa amesimama getini kama mchuuzi.

Kisha bweni. Vitanda 40 katika chumba kimoja au viwili ni kambi. Kwa kuwa mafundi bado wako kwenye jengo, zungumzeni na mwenyeji kuhusu kuligawa liwe nyumba ndogo ndogo, kila moja na watoto wasiozidi wanane, wa umri mchanganyiko, ndugu wa damu pamoja, na jiko lake ambamo mtoto anaweza kuona chakula kikipikwa. Nimewakuta vijana wa miaka 17 wanaotoka makao bila kujua chumvi inaingia kwenye chungu saa ngapi, kwa sababu chakula kilikuwa kikitokea dirishani.

Nendeni na kalamu, maana hesabu inayofuata ndiyo itakayowaambia kama makao haya yana uhai. Wiki ina saa 168. Mlezi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anaziba chini ya robo ya saa hizo. Ili kila saa, usiku na mchana, awepo mlezi mmoja aliye macho kwa nyumba moja ya watoto wanane, unahitaji zaidi ya watu wanne. Ukiweka likizo, ugonjwa na msiba, ni watano. Nyumba tano za watoto wanane ni walezi 25 wa kulipwa, kabla hujamtaja mlinzi na afisa ustawi. Mwulizeni mwenyeji kwa upole: mishahara ya walezi hao kwa miaka miwili ijayo imeshapatikana? Nina hakika mtakuta fedha ya matofali ipo na fedha ya walezi haipo, kwa sababu watu hutoa kwa ajili ya kile kinachopigwa picha. Ikiwa ndivyo, shauri langu ni kwamba mfungue nyumba moja ya watoto wanane, iendeshwe vizuri, na zile nyingine zisubiri au zipewe kazi tofauti: darasa la jioni, kliniki ya akina mama, mahali pa mtoto kushinda mchana wakati mama yake yuko kazini, kisha akarudi kulala kwao.

Mtakaporudisha taarifa kanisani, kuna watakaouliza mbona mmepunguza vitanda. Waambieni habari za mhubiri George Müller. Alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na kufikia 1870 alikuwa na majengo matano makubwa ya Ashley Down yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Hakuna kazi ya yatima inayotajwa zaidi kwenye mahubiri yetu. Lakini warithi wa kazi yake wenyewe waliyaacha majengo yale mwaka 1958, wakiwa wameshaanza kulea watoto katika nyumba ndogo za kifamilia. Waliona kwamba malezi hayawezi kubaki vile vile, wakabadilika.

Haya, tuingie ndani ya jengo sasa. Kuna jambo moja ninalolishauri kwa kila kundi, na waliolifanya wameniambia liliwafundisha kuliko semina. Vitanda vikishafungwa, laleni ninyi humo usiku mmoja, kila mtu kwenye kitanda cha mtoto, bila simu. Mmoja wenu aamke saa nane usiku atafute choo gizani. Je, mlango una kelele ya kuamsha chumba kizima? Njia ina taa, au mtoto wa miaka sita ataona heri ajikojolee? Mlezi wa zamu amelala wapi, na mtoto akiita kwa sauti ndogo, ile ya mtoto anayeogopa, inamfikia? Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa nimejiona mzoefu. Choo kilikuwa hatua 62 kutoka kitandani, nje, na balbu ya njiani ilikuwa imeungua. Kwa miezi mingi matroni alikuwa akiwaadhibu watoto kwa kulowesha magodoro. Tuliweka balbu mbili na ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba cha kati, na shuka zilizoanikwa asubuhi zikapungua wiki ileile.

Asubuhi, pigeni magoti. Simaanishi sala, ingawa nayo muifanye. Namaanisha mzunguke nyumba nzima mkiwa na kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Soketi, kona za vitanda vya chuma, kitasa cha dirisha, pipa la maji lisilo na mfuniko, sufuria inayoning'iniza mkono wake nje ya jiko: vyote hivyo huonekana ukiwa chini. Kisha tazameni nondo za madirisha na milango. Zile za kuzuia wezi zinazuia pia watoto kutoka. Machi 2017 wasichana 41 walikufa kwa moto katika makao ya serikali nchini Guatemala, wakiwa wamefungiwa chumbani. Kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili za kutokea, angalau dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani bila ufunguo, na komeo za mabweni ziondolewe kabisa upande wa nje. Kama mnao fundi wa kuchomelea kwenye kundi, huyo ana thamani kuliko wapaka rangi watano.

Mtoto ahitaji pia kitu kimoja kilicho chake. Tengenezeni sanduku dogo la mbao kwa kila kitanda, lenye kufuli na ufunguo. Watoto wanaoishi kwa pamoja huvaa nguo za wote, hula sahani za wote, na huzoea kwamba hakuna kinachobaki kuwa chao. Ufunguo ule mdogo unaovaliwa shingoni nimewaona wakiulinda kuliko viatu.

Iwapo mwenyeji atakataa kabisa kubadilisha ratiba na watoto wakaingia mkiwepo, basi mjiweke nyuma ya walezi. Mlezi ndiye ampokee mtoto getini, amwonyeshe kitanda, ampe chakula cha kwanza, amwogeshe, amlaze. Ninyi ongezeni kuni, osheni vyombo, wapeni walezi nafasi ya kukaa na watoto. Mtoto akianguka akaumia na kukukimbilia, mshike mkono umpeleke kwa mlezi wake. Hakuna mgeni anayebaki na mtoto peke yake ndani ya chumba, wala anayemtoa nje ya geti, wala anayempa zawadi kwa siri au namba ya simu. Msiseme "nitarudi". Kabla ya safari, kila mmoja wenu, na mchungaji wenu pia, alete cheti cha tabia njema kutoka polisi na asaini sera ya ulinzi wa mtoto. Wanaotafuta watoto wa kuwadhuru wanajua kwamba kanisani hatuulizani maswali. Nanyi mjue kabla ya kufika ni nani mtakayempa taarifa mkiona jambo baya, awe mtu wa nje ya makao yenyewe. Angalieni pia kama viza ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea huko mwendako, maana nchi nyingi haziruhusu.

Picha: pigeni za kuta, vitanda, mafundi na ninyi wenyewe. Sura ya mtoto, jina lake na kisa chake visionekane popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Atakuwa na miaka 16 siku moja, na habari za mama yake mlevi zitakuwa bado zinazunguka kwenye simu za watu.

Kuhusu kuwaonyesha upendo wa Kristo, dada yangu, huenda baadhi ya watoto hao wametoka nyumba za imani nyingine. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unataka malezi mbadala yaheshimu dini, utamaduni na lugha alivyotoka navyo mtoto. Mtoto asiyejua atalala wapi kesho atakariri mstari wowote utakaompa ukiwa umeshika sahani. Mimi siamini kwamba Bwana wetu anahitaji ungamo la namna hiyo. Balbu iwakayo kwenye njia ya chooni saa nane usiku imeshahubiri.

Mizigo sasa, kwa ufupi. Nguo kuukuu, dawa zilizobaki kabatini na maboksi ya midoli acheni nyumbani. Magodoro, shuka, ndoo na rangi nunueni huko huko, ili fedha iwafikie majirani wa makao. Hao ndio watakaosikia mtoto akilia baada ya ninyi kuondoka, na ni vizuri wawe wamefaidika na kumfahamu. Bebeni vifaa vya kazi ambavyo mtaviacha, tochi za sola, vifuniko vya nailoni vya kukinga magodoro, na chupi mpya za ukubwa mbalimbali, kwa sababu ni kitu ambacho wafadhili husahau na mtoto huona haya kuomba.

Na bebeni madaftari ya jalada gumu, moja kwa kila kitanda mlichokifunga. Walezi huyatumia kuwa vitabu vya maisha: jina kamili la mtoto na aliyempa, wimbo aliokuwa akiimbiwa, mahali alipozaliwa, meno yalipong'oka. Msiandike chochote ndani, hata baraka au majina yenu. Muachie matroni yakiwa tupu, pamoja na penseli na kamera moja rahisi. Mwelezeni kwamba ukurasa wa kwanza umesubirishwa kwa ajili ya picha ya mtu wa kwao mtoto, siku atakapokuja kukaa naye katika ile sebule mliyoiandaa.